Mwongozo kamili: kuhakiki namba tasa kubwa na kusoma tabia zake, kwa mfano wa 1,000,000,007

Wengi wanaopewa kazi ya kuthibitisha kwamba 1,000,000,007 ni namba tasa hukwama mahali palepale. Kompyuta inaganda, au inatoa tarakimu za uongo, au msimbo unaitikia "tasa" hata kwa namba inayogawanyika. Wanaofika salama hapo hukwama swali linalofuata: zaidi ya kutogawanyika, namba hii ina tabia gani?

Matatizo yote mawili yana dawa moja. Acha kuitazama p peke yake, uichambue p − 1. Karibu kila kitu kuhusu namba tasa kimefichwa kwa jirani yake wa chini, na mwongozo huu umepangwa ili ukufikishe kwa jirani huyo kisha ukusomeshe anachokisema.

## Mahitaji

- Python 3.8 au toleo jipya zaidi. Toleo la zamani halina `math.isqrt`, wala halikubali `pow(a, -1, p)`.
- Karatasi na kalamu. Hatua kadhaa ni fupi kwa mkono kuliko kwa mashine.
- Ujuzi wa mambo matatu: baki la kugawanya, kigawo kikubwa cha shirika (KKS), na sheria za vipeo.

Usitumie kikokotoo cha mkononi wala programu ya jedwali. Jedwali hutunza tarakimu 15 tu, ilhali mazao tutakayoshughulika nayo yanaweza kufika tarakimu 18 au 19. Halitakuonya, litaweka sifuri mwishoni na kuendelea kama kawaida.

Katika maelezo yote, p ni 1,000,000,007 na q ni 500,000,003, yaani nusu ya p − 1. Ndani ya msimbo andika bila mikato:

```
from math import isqrt, gcd
p = 1000000007
q = 500000003
```

Hesabu sifuri kwa makini: moja, sifuri nane, kisha saba. Sifuri ikizidi au ikipungua unakuwa na namba nyingine kabisa, na hatua zote zinazofuata zitakupa majibu ya namba hiyo nyingine. Andika `p - 10**9`. Jibu likiwa 7, endelea.

## Hatua ya 1: Gawanya kwa vigawo vidogo

Kama p inagawanyika, lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Sababu ni nyepesi: vigawo viwili vyote vikizidi kipeuo hicho, zao lao litaizidi p. `isqrt(p)` inatoa 31622, kwa kuwa mraba wa 31,622 ni 999,950,884 na mraba wa 31,623 ni 1,000,014,129.

Kuna namba tasa 3,401 zisizozidi 31,622. Huna haja ya kuziorodhesha. Jaribu 2, kisha namba witiri zote kuanzia 3, ambazo ni 15,810. Kompyuta yoyote humaliza kazi hiyo papo hapo.

```
def gawanya(n):
    if n % 2 == 0:
        return 2
    d = 3
    while d * d <= n:
        if n % d == 0:
            return d
        d += 2
    return None
```

Matokeo sahihi: `gawanya(p)` inarudisha `None`, yaani hakuna kigawo kilichopatikana.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuandika `range(3, isqrt(n), 2)`. `range` haigusi namba ya mwisho, hivyo mraba wa namba tasa hupita bila kukamatwa. Pima msimbo wako kwa 999,002,449, ambayo ni 31,607 × 31,607. Ukiambiwa ni tasa, ongeza 1 kwenye kikomo au tumia `d * d <= n` kama hapo juu.

Pima pia majirani: 1,000,000,001 inagawanyika kwa 7, 1,000,000,003 kwa 23, na 1,000,000,005 kwa 5. Kwa kuwa shufwa zinajiondoa zenyewe, umeshapata tabia ya kwanza: p ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu kumi. Chini ya bilioni moja kuna namba tasa 50,847,534, kwa hiyo p ni ya 50,847,535 katika foleni.

Kwa namba ya ukubwa huu, hatua hii peke yake inatosha kuwa uthibitisho. Lakini namba tasa zinazotumika katika funguo za RSA (mfumo wa kusimba siri) za biti 2,048 zina tarakimu 308 au 309 kila moja, na hapo kugawanya kigawo kimoja kimoja hakumalizwi na mashine yoyote. Ndiyo maana tunaendelea.

## Hatua ya 2: Pandisha vipeo bila kulipua kumbukumbu

Hapa ndipo kompyuta nyingi huganda. Ukiandika `2**(p-1) % p`, Python kwanza itajenga namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 300, ndipo itafute baki. Andika hivi:

```
pow(2, p-1, p)
```

Hapa baki huchukuliwa kila baada ya kuzidisha, hivyo hakuna namba inayozidi mraba wa p. Kipeo nacho hakipandwi kwa hatua bilioni. Mashine hutafuta mraba, kisha mraba wa mraba, na kuendelea hivyo; kwa kuwa q ina biti 29, miraba 28 inatosha kufika kwenye kipeo cha q.

Inafaa ufanye mara moja kwa mkono ili uone hakuna muujiza. Siri ya p hii ni kwamba 10⁹ na −7 zina baki lilelile zikigawanywa kwa p. Kwa hiyo kupata baki la namba kubwa, ikate kwenye tarakimu tisa za mwisho: chukua sehemu ya nyuma, utoe mara saba ya sehemu ya mbele.

Tuanze na 2³⁰ = 1,073,741,824. Nyuma ni 73,741,824, mbele ni 1, hivyo baki ni 73,741,817. Zidisha kwa 4: baki la 2³² ni 294,967,268. Sasa tafuta mraba wake: 87,005,689,191,383,824. Nyuma ni 191,383,824, mbele ni 87,005,689. Toa: 191,383,824 − 609,039,823 = −417,655,999. Ongeza p ili kuondoa hasi, unapata 582,344,008.

Matokeo sahihi: `pow(2, 64, p)` inatoa 582344008, sawa na karatasi yako.

Ukitumia lugha nyingine badala ya Python, kuna mtego wa ukubwa. Jumla ya mabaki mawili haizidi 2,000,000,012, nayo inaenea katika namba kamili ya biti 32 yenye alama, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Zao la mabaki mawili hukaribia 10¹⁸ na halienei humo hata kidogo. Linahitaji biti 64. Kwa sababu ya vipimo hivi viwili p hupendwa sana katika mashindano ya kuandika programu. Kwa JavaScript, namba za kawaida hupoteza usahihi zikishapita 9,007,199,254,740,992, kwa hiyo tumia `BigInt`.

## Hatua ya 3: Pima kwa Fermat, kisha kwa Miller na Rabin

Kipimo cha Fermat kinasema: p ikiwa tasa na a haigawanyiki kwa p, basi baki la a kwa kipeo cha p − 1 ni 1. `pow(2, p-1, p)` inatoa 1. Vizuri, lakini usitangaze chochote bado.

Sababu ni kwamba namba zisizo tasa nazo hupita. `pow(2, 340, 341)` inatoa 1, ilhali 341 ni 11 × 31. Mbaya zaidi ni 561, yaani 3 × 11 × 17: hupita kwa kila a isiyo na kigawo cha shirika nayo. Anayetegemea Fermat peke yake ataipokea 561 hata akirudia kipimo mara mia kwa besi (thamani za a) kama hizo.

Kipimo cha Miller na Rabin kinaziba tundu hilo kwa kuuliza swali la ndani zaidi. Ukihesabu kwa mabaki ya namba tasa, vipeuo vya pili vya 1 ni viwili tu: 1 na −1 (yaani p − 1). Badala ya kuangalia mwisho wa safari tu, tunaangalia njia iliyotufikisha kwenye 1.

Kwa 561 na besi 2, anza na kipeo cha 35, kwa kuwa 560 = 16 × 35. Unapata 263, mraba wake 166, mraba wake 67, mraba wake 1. Tumefika 1 kutokea 67, ambayo si 1 wala 560. Namba tasa haifanyi hivyo. Na zawadi juu yake: KKS ya 66 (yaani 67 − 1) na 561 ni 33, kigawo halisi cha 561.

```
def mr(n, besi):
    d, s = n - 1, 0
    while d % 2 == 0:
        d //= 2
        s += 1
    for a in besi:
        x = pow(a, d, n)
        if x in (1, n - 1):
            continue
        for _ in range(s - 1):
            x = x * x % n
            if x == n - 1:
                break
        else:
            return False
    return True
```

Makosa matatu hurudiwa hapa. La kwanza ni kuandika `/=` badala ya `//=`: d inageuka namba ya desimali na `pow` inakataa. La pili ni `else` kukaa mstari usio wake. Lazima ilingane na `for` ya ndani, si `if`. La tatu ni kukipa kipimo namba ndogo kuliko besi zake au iliyo sawa na mojawapo. Kwa n = 7 na besi 7, x inakuwa 0 na namba tasa inakataliwa. Tumia kipimo hiki kwa namba witiri kubwa kuliko besi zako zote.

Besi ngapi zinatosha? Kwa namba zilizo chini ya 3,215,031,751, besi 2, 3, 5 na 7 hazikosei kamwe. Kikomo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati: 3,215,031,751 yenyewe ni 151 × 751 × 28,351, nayo huzidanganya besi zote nne. Kwa namba yoyote ya biti 64, namba tasa 12 za mwanzo (2 hadi 37) zinatosha. Juu ya hapo, chagua besi kwa nasibu. Kila besi humwacha mdanganyifu apite kwa uwezekano usiozidi robo, hivyo besi 40 zinaacha shaka ndogo mno.

Matokeo sahihi: `mr(p, [2,3,5,7])` ni `True`, `mr(561, [2])` ni `False`, `mr(3215031751, [2,3,5,7])` ni `True`, na hapo utaelewa kwa nini vikomo vinaheshimiwa.

## Hatua ya 4: Vunja p − 1

Tumefika kwenye kiini. 1,000,000,006 ni shufwa, na nusu yake ni 500,000,003. Je, nusu hiyo inavunjika zaidi? Endesha `gawanya(q)`, kikomo kikiwa 22,360. Inarudisha `None`. Kwa hiyo:

p − 1 = 2 × 500,000,003, na vyote viwili ni tasa.

Hali hii ni adimu na ina thamani. Namba tasa ambayo p − 1 yake ni mara mbili ya namba tasa nyingine huitwa salama katika fani ya usimbaji fiche. Mbinu za kushambulia siri zinazotegemea p − 1 yenye vigawo vingi vidogo hazipati pa kushika. Usidhani basi kwamba p hii inafaa kulinda siri. Biti 30 ni chache mno kwa kazi hiyo. Umbo lake ndilo la kuiga, si ukubwa wake.

Vunja pia q − 1, utaihitaji baada ya muda mfupi:

500,000,002 = 2 × 41 × 41 × 148,721

## Hatua ya 5: Andika shahada ya utasa

Miller na Rabin hukupa jibu, lakini anayepokea jibu lazima auamini msimbo wako na vikomo vyake. Shahada ni tofauti: ni mistari michache ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki upya bila kukuamini. Kanuni ni ya Pocklington.

Tuseme n − 1 ina kigawo tasa r kinachozidi kipeuo cha pili cha n. Ukipata a ambayo (i) kwa kipeo cha n − 1 inaacha baki 1, na (ii) KKS ya n na [a kwa kipeo cha (n − 1)/r, toa 1] ni 1, basi n ni tasa.

Inafanya kazi kwa sababu hii. Chukua kigawo tasa chochote t cha n. Masharti mawili yanalazimisha namba [a kwa kipeo cha (n − 1)/r] iwe na mzunguko wa urefu r hasa modulo t (yaani, ukihesabu kwa mabaki ya kugawanya kwa t, vipeo vyake hurudi kwenye 1 baada ya hatua r), kwa hiyo r inaigawanya t − 1. Basi t ni kubwa kuliko r, ambayo tayari imezidi kipeuo cha pili cha n. Namba ambayo vigawo vyake vyote tasa vinazidi kipeuo chake cha pili haina njia ila kuwa tasa.

Sasa panda ngazi kutoka chini.

Ngazi ya 148,721. Kipeuo chake cha pili ni 385 na ushee. Gawanya kwa namba tasa 76, kuanzia 2 hadi 383. Hakuna inayoingia. Hii inawezekana hata kwa mkono, ingawa inahitaji subira.

Ngazi ya q. Chukua r = 148,721, ambayo inazidi 22,360. Tumia a = 2:

```
pow(2, q-1, q)
gcd(pow(2, 3362, q) - 1, q)
```

Yote mawili yatoe 1. Kipeo 3,362 kimetoka wapi? Ni (q − 1)/148,721. KKS ikitoka q yenyewe kwa namba nyingine utakayojaribu, hiyo haimaanishi namba si tasa. Badili besi kuwa 3, 5 na kuendelea. Ikitoka kitu kati ya 1 na namba yenyewe, umepata kigawo na kazi imekwisha.

Ngazi ya p. Chukua r = q, ambayo imeipita 31,622 kwa mbali. Hapa umbo la p linalipa: (p − 1)/q ni 2 tu, kwa hiyo sharti la pili ni KKS ya 2² − 1 = 3 na p. Jumla ya tarakimu za p ni 8, haigawanyiki kwa 3, KKS ni 1. Linabaki sharti la kwanza, `pow(2, p-1, p) == 1`, nalo umeshaliona.

Matokeo sahihi ni shahada ya mistari mitatu, kila mmoja ukiegemea wa chini yake. Ukiandika ngazi ya p bila kuthibitisha q, hujathibitisha kitu. Kosa hili ni la kawaida kuliko makosa yote ya shahada.

Kwa namba tasa zenye mamia ya tarakimu huenda p − 1 isivunjike kabisa, na hapo njia hii hugota. Wakati mwingine jirani wa juu ndiye mwenye msaada. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kufikia 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiongeza 1 unapata kipeo kitupu cha 2, na kipimo cha Lucas na Lehmer kinategemea hilo.

## Hatua ya 6: Soma mizunguko

Chagua a yoyote kati ya 1 na p − 1, uizidishe kwa yenyewe mfululizo, ukichukua baki kila mara. Itarudi kwenye 1. Idadi ya hatua ndiyo urefu wa mzunguko wake, na urefu huo lazima uigawanye p − 1. Kwa kuwa p − 1 ni 2q, urefu unaowezekana ni wa aina nne tu: 1, 2, 500,000,003 au 1,000,000,006.

Namba 1 ina mzunguko wa 1. Namba p − 1 ina mzunguko wa 2. Zote nyingine zina mzunguko wa q au wa p − 1, na kipimo kimoja kinazitenganisha:

```
for a in (2, 3, 5, 7, 10, 11, 13):
    print(a, pow(a, q, p))
```

Utaona 1 kwa 2, 3, 7 na 11. Utaona 1000000006 kwa 5, 10 na 13.

Zenye 1 zina kipeuo cha pili modulo p, na mzunguko wao ni q. Zenye 1000000006 hazina kipeuo, na mzunguko wao ni mzima. Namba yenye mzunguko mzima tuiite kizalishi, kwa kuwa vipeo vyake hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi p − 1. Kizalishi kidogo kuliko vyote ni 5. Kwa jumla viko 500,000,002, karibu nusu ya namba zote. Kwa p hii kanuni ni fupi kupita kiasi: kila namba isiyo na kipeuo cha pili ni kizalishi, isipokuwa p − 1.

Onyo: usitafute kizalishi kwa kuzungusha kitanzi hatua bilioni moja. Pima vipeo viwili tu, 2 na q. Vyote visipotoa 1, umekipata.

Sasa angalia 10. Urefu wa mzunguko wake ndio urefu wa tarakimu zinazojirudia katika desimali ya 1/p, kwa sababu kugawanya kwa mkono ni kuzidisha baki kwa 10 kila hatua. Kwa hiyo desimali ya 1/p hujirudia baada ya tarakimu 1,000,000,006, urefu mkubwa kuliko wote unaowezekana. Ukiihifadhi tarakimu moja kwa baiti moja, ni faili la gigabaiti moja hivi.

Mwanzo wake ni huu:

0.000000000 999999993 000000048 999999657 000002400…

Ndani yake mna vipeo vya −7 (1, −7, 49, −343, 2,401), vikiwa vimeingiliana kwa kukopeshana. Ni ile hila ya 10⁹ na −7 ikijitokeza tena. Na kwa kuwa 10 kwa kipeo cha q ni −1, tarakimu ya mahali popote na ile iliyo mbele yake kwa nafasi 500,000,003 hujumlika kuwa 9. Huhitaji kuzalisha nusu bilioni ya tarakimu ili kuliona hili:

```
10**18 // p
pow(10, q, p) * 10**18 // p
```

Mstari wa kwanza unatoa 999999993. Ujazie sifuri tisa mbele ili zitimie tarakimu 18. Wa pili unatoa 999999999000000006. Zijumlishe: tisa kumi na nane. Usijaribu kwa `1/p`, maana namba za desimali za kompyuta hushika tarakimu 16 au 17 tu.

## Hatua ya 7: Gawanya na tafuta vipeuo modulo p

Kugawanya kwa a ni kuzidisha kwa kinyume chake, `pow(a, -1, p)`. Kinyume cha 2 ni 500000004, cha 3 ni 333333336, cha 10 ni 700000005. Hakiki cha 3 kwa kichwa: 3 × 333,333,336 = 1,000,000,008, baki 1. Anayeandika `x // 2` juu ya baki lililo witiri anapata namba isiyo na uhusiano na jibu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Kwa vipeuo vya pili, kwanza angalia p mod 4, yaani baki la p ikigawanywa kwa 4. Ni 3, na hiyo inafungua njia ya mkato: kipeuo cha a ni a kwa kipeo cha (p + 1)/4, yaani 250,000,002. Kwa 2:

```
pow(2, 250000002, p)
```

Jibu ni 940286407. Kipeuo cha pili cha upande wa pili ni p toa hiyo, 59,713,600. Mraba wa 59,713,600 ni 3,565,714,024,960,000; kata nyuma 24,960,000 na mbele 3,565,714, utoe mara saba ya mbele: 24,960,000 − 24,959,998 = 2.

Daima pima jibu kwa kulizidisha kwa lenyewe. Ukiipa njia hii 5, ambayo haina kipeuo, haitakataa. Itakupa kipeuo cha −5 kimyakimya.

## Hatua ya 8: Jumla za miraba

Hapa baki peke yake linatosha. Mraba wowote ukigawanywa kwa 4 huacha 0 au 1, kwa hiyo jumla ya miraba miwili haiachi 3 kamwe. p huacha 3. Si jumla ya miraba miwili. Kwa 8, mraba huacha 0, 1 au 4, na huwezi kupata 7 kwa kujumlisha mabaki matatu ya aina hiyo. p mod 8 ni 7. Si jumla ya miraba mitatu pia. Minne inatosha:

31,622² + 217² + 45² + 3² = 999,950,884 + 47,089 + 2,025 + 9 = 1,000,000,007

## Hatua ya 9: Rudia kwa pacha wake

1,000,000,009 nayo ni tasa. Ipitishe hatua zote, na utaona jinsi hatua mbili kwenye mstari wa namba zinavyobadili kila kitu.

Jirani yake wa chini ni 1,000,000,008 = 2³ × 3² × 7 × 109² × 167. Kigawo tasa kikubwa ni 167, hakikaribii 31,622, hivyo shahada ya Pocklington kwa r moja haiwezekani. Itakubidi uzidishe vigawo kadhaa mpaka zao lao lipite kipeuo, kisha upime sharti la pili kwa kila kigawo tasa kilichomo. Urefu wa mizunguko hauko wa aina nne tena bali wa aina nyingi, na kukosa kipeuo hakutoshi tena kuwa kizalishi.

Mod 4 inaacha 1, kwa hiyo hii ni jumla ya miraba miwili. Njia ya mkato ya vipeuo nayo inakufa, na inakufa kwa namna ya hatari: 1000000010 // 4 inatoa 250000002, kipeo kilekile ulichotumia kwa p. Msimbo wa zamani utaendelea bila kulalamika. Kwa 2, ambayo hapa ina kipeuo, utapata 1 au 1000000008; zidisha jibu kwa lenyewe na utaona 1 mahali pa 2. Weka `assert p % 4 == 3` juu ya njia hiyo kabla ya kuitumia kwa namba nyingine, na kwa zinazoacha 1 tumia utaratibu wa Tonelli na Shanks.